Sauti Moja Katika Chokaa ya Gökkemer

1

Nilipochomoa sindano ukutani, tundu lilikuwa jeupe mpaka kwenye jiwe. Nikaingiza kucha. Majivu. Nikamulika kwa tochi, nikaingiza kucha tena, kwa sababu mtu aliyefanya kosa kubwa ana tabia ya kuliangalia mara mbili akidhani labda limepungua. Halikuwa limepungua. Tabaka lote la tano, ambalo kaya arobaini zilikuwa zinalisubiri kama majibu ya daktari, lilikuwa limeungua kwa sekunde zisizofika hamsini. Mtu pekee aliyelisikia nilikuwa mimi, Shemsa Singano wa Muheza, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, sikio limebanwa kwenye kikombe cha mashine.

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Baraza lilipangiwa kukaa saa nne.

Kwa wasioijua kazi yetu, iko hivi. Chokaa ya ukutani haikauki tu kama nguo. Inavuta hewa na kurudi kuwa jiwe polepole, mwezi baada ya mwezi, na kila mtikisiko unaoipitia wakati huo unabaki ndani yake. Sindano yetu ya mwanga huipasha moto punje kwa punje. Punje ikipasuka, hutoa kile ilichobeba, na mashine hukusanya vile vipande na kuvipanga, mpaka unamsikia mtu akipiga chafya miaka mia tisa iliyopita. Punje ikishasema inakuwa majivu, na haisemi tena.

Kila mwanafunzi huuliza siku ya kwanza: kwa nini basi msirekodi? Mimi nilizaliwa mwishoni mwa ile Miaka ya Sauti za Bandia, wakati kimashine cha bei ya sabuni kiliweza kumfanya marehemu babu yako akiri wizi wa ng'ombe. Mahakama za dunia zilichoka. Zikakubaliana kwamba rekodi si ushahidi. Ushahidi ni sikio la mtu aliyekula kiapo, likilisikia jiwe kwa mara ya kwanza, pamoja na masikio ya mashahidi wengine waliokula kiapo. Mashine zetu hazina hata pa kuchomeka kinasa sauti.

Kabla ya kikao, msikilizaji anaruhusiwa kuonja. Unachukua punje chache pembeni, unajua chokaa inataka joto kiasi gani, unaacha zilizobaki kwa ajili ya baraza. Nimeonja kuta mia mbili na zaidi, kuanzia Kilwa hadi Samarkandi, bila kuharibu hata moja, na nadhani hapo ndipo kiburi kiliponiingia. Tabaka la nne la ukuta ule lilikuwa chokaa ya Waothmani walipokuwa na nguvu zao, nzito, safi, iliyochanganywa na mafundi wa serikali. Nikaacha joto lilelile kwa tabaka la tano. Lakini la tano lilikuwa la majira ya baridi ya mwisho ya dola hiyohiyo, na mtu aliyeziba ufa wakati ule hakuwa na chokaa ya kutosha. Aliongeza majivu ya jiko na vumbi la njiani. Lilishika moto kama karatasi.

Nimesoma historia ya Waturuki kwa miaka sita, najua dola zao zilivyopanda na zilivyoshuka, nimefanya mitihani na kufaulu. Halafu nikapima joto la dola tajiri kwenye chokaa ya dola inayokata roho.

2

Hani ya Gökkemer iko kwenye uwanda wa Anatolia, kati ya Konya na Aksaray, mahali ambapo upepo hauna kitu cha kuuzuia. Ni nyumba ya misafara, kubwa kama ngome, kuta zake zina unene wa mita mbili. Waliijenga Waseljuki, Waturuki waliotokea mashariki wakaikuta nchi ikiwa ya Warumi. Hawakuona haya, maana kwenye mguu wa tao la lango kuna jiwe lenye herufi za Kiyunani, limewekwa juu chini. Fundi alihitaji jiwe, na jiwe lilikuwepo.

Mjenzi wake aliifanya wakfu. Msafiri yeyote wa dini yoyote apewe siku tatu za chakula na malazi, kiatu kikitoboka kishonwe, na asiulizwe jina. Lango lilifungwa jioni kwa mnyororo. Asubuhi, kabla halijafunguliwa, mlinzi alisimama chini ya tao na kuuliza kwa sauti: "Enyi jamaa, mali zenu, roho zenu, wanyama wenu na nguo zenu, vimetimia?" Nao walijibu: "Vimetimia. Mungu amrehemu aliyetujengea." Kama mtu amepoteza hata hatamu ya punda, hakuna aliyetoka mpaka ipatikane.

Miaka kumi na miwili kabla ya siku ninayoisimulia, hani ilikuwa gofu. Wakaja watu wa delta, wakulima wa pamba kutoka kusini ambako bahari ilikuwa imepanda na kula mashamba yao. Walikuwa wanapita tu. Mvua ikawashika, wakaingia, wakasoma habari za ule wakfu kwenye kibao cha watalii kilichotobolewa na risasi za wawindaji. Wakaona si vibaya. Wakakarabati paa, wakatengeneza mnyororo mpya, wakamchagua mlinzi wa lango, na tangu hapo kila mgeni anayepita uwandani anapata siku zake tatu.

Kisha kampuni moja ya ghala za betri ikaziona zile kuta. Betri zinapenda ubaridi, na ndani ya Gökkemer hata Agosti unavaa sweta. Kampuni ikaomba ipewe jengo, na watu wa delta wakaambiwa wajiandae kuhamia kambi ya mahema.

Sheria ya Wakfu iliwaachia mlango mmoja tu. Wakfu uliokufa wenyewe, watu walipoacha kuutimiza, umekufa, na jengo lake ni mali ya serikali. Lakini wakfu uliokuwa bado unatimizwa siku dola yake ilipoanguka huhesabiwa kuwa yatima, na yatima anaweza kulelewa na yeyote mwenye moyo. Kwa hiyo lilikuwepo swali moja. Je, ile desturi iliendelea bila kukatika, kutoka kwa Waseljuki mpaka mwisho wa Waothmani? Ukuta wa lango ulikuwa umezibwa mara tano katika vipindi vitano, kila mara wakati wa matumizi. Mimi nikatumwa na Baraza la Mawe kuusikiliza.

Matabaka manne tuliyasikiliza vizuri, mashahidi wote wakiwa wamezunguka kikombe. Katika la kwanza kulikuwa na ngamia wengi kiasi kwamba swali lenyewe lilisikika kwa taabu, na jibu lilikuwa la watu labda mia. La pili ndilo lililotutoa jasho, kwa sababu lilikuwa la wakati Wamongolia walipokwishawavunja Waseljuki na kuwatoza kodi mpaka ya moshi wa jikoni. Tulitegemea ukimya. Tukamsikia mlinzi akiuliza kwa sauti inayotetemeka, na mtu akamjibu kwa ukali kwamba havijatimia, nyumbu wake ana sikio moja na jana alikuwa na mawili. Ikafuata nusu dakika ya ugomvi. Hakimu wa baraza alicheka mpaka akavua miwani. Katika la tatu, la wakati wa masultani wa Karaman, swali liliulizwa na mwanamke, hatujui kwa nini. Waothmani walipofika nalo liliulizwa haraka haraka na mtu aliyeonekana kuwa na kazi nyingine nyingi, lakini liliulizwa. Dola zilipokezana, kila moja ikija na bendera yake na watoza kodi wake, na chini ya tao lile watu waliendelea kuulizana kama kila kitu kimetimia.

Lilibaki la tano.

3

Nilimkuta Döndü uani, anapepeta ngano. Yeye ndiye mlinzi wa lango, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mabega mapana, mdomo usiokosa utani. Wote humwita Abla, yaani dada mkubwa, nami pia.

Nisimulie kwanza ninachodaiwa moyoni. Miaka miwili nyuma, kabla sijajua kesi yoyote, gari langu lilizimika kwenye theluji kilomita sita kutoka hapo. Mtu wa Muheza na theluji ni watu wasiojuana. Nilitembea mpaka miguu ikawa si yangu, nikaona taa ya lango, nikaanguka kabla ya kugonga. Döndü alinibeba mgongoni. Aliikanda miguu yangu kwa mikono yake usiku kucha, akaninywesha asali ya zabibu iliyochemshwa, na viatu vyangu vilivyopasuka akavipeleka vikashonwe. Kwa siku tatu hakuna aliyeniuliza jina wala ninakotoka, mimi mweusi peke yangu katika uwanda mzima. Siku ya nne Döndü akaja akaketi kitandani. "Sasa mwenzetu," akasema, "unaitwa nani, na je, unajua kukanda unga?" Vidole vyangu vyote kumi vya miguu vipo. Kila nikivaa soksi ninamshukuru, na huwa natamka kwa mdomo kabisa.

"Abla," nilimwambia, "nimeharibu kazi."

Nilimweleza yote, ingawa kiapo kinakataza. Aliacha kupepeta. Hakunikemea. Akauliza jambo moja tu.

"Walijibu?"

"Hapana. Yuko mtu mmoja. Mzee, anakohoa. Anauliza lile swali lote, neno kwa neno, halafu anasubiri. Nimehesabu pumzi zake, ni saba. Hakuna mtu, Abla. Hakuna mnyama. Kuna upepo tu. Halafu anajijibu mwenyewe."

"Anajijibu?"

"Anasema, 'Vimetimia.' Kisha anasema, 'Mungu amrehemu aliyetujengea.'"

Döndü akatazama lango. "Watasema hani ilikuwa imekufa na mwendawazimu ndani yake," akasema. "Na ulisikia peke yako."

"Peke yangu."

"Basi waambie walijibu, mdogo wangu. Watu kumi, ishirini. Waongezee na ngamia."

Nilidhani anatania, kama kawaida yake. Uso wake haukuwa na utani.

"Gülsüm ana mimba ya miezi minane," akaendelea. "Mzee Rıfat hawezi kulala chini ya hema, mapafu yake yamekwisha. Mimi sitakukumbusha ile theluji. Nikikukumbusha nitakuwa mtu mbaya, nimekuuzia kitu kilichokuwa cha bure. Kwa hiyo sikuombi kwa sababu ya theluji. Nakuomba tu."

"Nimekula kiapo."

"Najua. Mimi nimeapa kuwatunza hawa. Tuna viapo viwili, na hakuna hakimu wa kuvipima isipokuwa wewe." Akachukua ungo wake, akaendelea kupepeta, na ngano ilikuwa inaruka kila upande.

Nisijifanye mtakatifu. Nilitaka kudanganya. Nilikaa kwenye ngazi za msikiti mdogo ulioko katikati ya ua na nikautunga ule uongo mpaka ukawa mzuri. Nikaweka sauti za wanaume, nikaweka mwanamke anayemwita mwanawe, nikaweka ngamia kama nilivyoagizwa. Ulikuwa uongo wa shukrani, na kwa mara ya kwanza maishani nilielewa jinsi mtu mwema anavyoweza kusema uongo akiwa anatabasamu.

Kilichonikwamisha hakikuwa kiapo. Alikuwa yule mzee. Nilipokuwa nawaingiza wageni wangu wa kubuni uani, yeye alikuwa ananizibia njia. Aliamka katika baridi ile, dola yake imekwisha au iko siku zake za mwisho, mshahara haupo, wasafiri hawapo, akaenda chini ya tao na kuuliza swali ambalo hakuna wa kulijibu. Akasubiri pumzi saba, labda mtu atatokea. Kama ningemjazia ua watu, angegeuka kuwa mlinzi wa kawaida aliyefanya kazi ya kawaida. Kitu pekee kilichobaki duniani kuhusu mtu huyu ni kwamba aliuliza akiwa peke yake, na kitu hicho kilikuwa ndani ya sikio langu tu. Nilimwona Döndü akiingia kuvaa ushungi wake wa kwenda barazani.

4

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa ngamia, sehemu pekee yenye nafasi ya kutosha. Hakimu Mebrure, mwanamke mfupi aliyezoea kuzungumza taratibu, alikaa mbele kwenye kiti cha kukunja. Kulia walikaa mashahidi saba wenye kiapo. Kushoto alikuwa Wakili Alpay wa kampuni, kijana mtaratibu aliyekuja na thermosi yake ya chai, na mezani pake palikuwa na bahasha yenye lakiri. Kaya arobaini zilikaa sakafuni nyuma yetu. Sikugeuka kuwatazama.

"Msikilizaji, tuko tayari kwa tabaka la tano," alisema hakimu.

"Mheshimiwa, tabaka la tano halipo."

Nikaeleza joto, majivu ya jiko, punje zote kuisha wakati wa kuonja. Mashahidi wakaanza kunong'ona. Hakimu aliniacha mpaka nikamaliza.

"Unajua adhabu ya kosa hilo?"

"Kunyang'anywa kibali, mheshimiwa. Siombi ipunguzwe."

"Ulisikia kitu?"

Mtoto mmoja akakohoa, akabembelezwa. Nikasema yote kama nilivyomwambia Döndü: mzee, swali lote kamili, pumzi saba, upepo, jibu aliloliweka mwenyewe. Niliposema hakuna aliyejibu, nikasikia mtu nyuma yangu akiachia pumzi polepole, na nikajua ni nani bila kuangalia.

"Sauti ngapi, kwa jumla?"

"Moja, mheshimiwa."

"Na baada ya kujijibu?"

Hapo nikasita, kwa sababu sikuwa nimefikiria kwamba yaliyobaki yana maana. Mafundi hatuhesabu kelele. "Kulikuwa na chuma," nikasema. "Mnyororo unaburutwa. Halafu bawaba. Lango lilifunguliwa."

"Lote?"

"Mabawa yote mawili, mheshimiwa. Bawaba zilikuwa zinalia kwa sauti mbili tofauti."

Wakili Alpay akasimama. Alizungumza kwa adabu, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema ananihurumia, lakini sikio moja lililosikia bila mashahidi si ushahidi, na sheria ilitungwa kwa ajili ya hali kama hii hasa. Labda msikilizaji alisikia hayo. Labda anawapenda wenyeji wake. Inajulikana aliwahi kuokolewa nao.

"Ni kweli," alisema hakimu. "Sikio moja halitoshi, isipokuwa liungwe mkono na chanzo ambacho msikilizaji hakukijua. Wakili, hiyo bahasha uliyoiandikisha asubuhi ina nini?"

Alpay akaishika bahasha. Nilimwona akihesabu kitu kichwani, na uso wake ukabadilika. "Mheshimiwa, tuliileta kwa ajili ya kupinga madai ya kuwepo kwa wasafiri. Kwa kuwa madai hayo hayakutolewa, naomba kuiondoa."

"Kilichoandikishwa kwa lakiri kinafunguliwa. Isome wewe mwenyewe, tafadhali."

Kusema haki, hakujaribu ujanja wowote. Alivunja lakiri, akatoa nakala ya ukurasa mmoja wa daftari la kituo cha askari wa barabara, wa majira ya baridi yaleyale. Aliusoma kwa sauti iliyonyooka.

"'Barabara imefungwa na theluji tangu Novemba. Hakuna mtu, mnyama wala msafara uliopita mpaka leo. Hani ya Gökkemer haina mgeni. Yupo mlinzi mzee peke yake. Akili yake imeruka. Kila asubuhi anaongea na ua mtupu, halafu anafungua lango. Tumemwambia alifunge asipoteze joto. Anasema mgeni akija atalikutaje.'"

Alikunja karatasi. Akamtazama hakimu, akakaa chini. Nilimheshimu tangu siku hiyo.

Fikirini kama ningewaleta wale wageni wangu ishirini na ngamia wao. Karatasi ile ingewafagia wote kwa dakika moja, na kaya arobaini zingefagiwa nao. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru yule mzee, nikamshukuru hata yule askari aliyemwita mwendawazimu, kwa kuandika vizuri.

Hakimu Mebrure alivua miwani. Safari hii hakuwa anacheka.

"Sisi sote," alisema, "pamoja na mimi, tulikuwa tunasubiri kusikia wageni wakijibu. Nimerudia kusoma sheria sasa hivi. Haisemi lolote kuhusu wageni. Inasema wakfu unaishi maadamu anayeutunza anautimiza. Kuja au kutokuja ni juu ya mgeni. Kufungua ni juu ya mwenye lango. Huyu alifungua. Wakfu wa Gökkemer ulifiwa na dola yake ukiwa hai, na wanaoulea leo waachwe waulee." Kisha akanigeukia. "Msikilizaji Singano, weka kibali chako mezani."

Nikakiweka. Nilikuwa nacho kwa miaka kumi na saba, na kona zake zilikuwa zimelika. Sikujua kwamba kadi ndogo vile inaweza kuacha mfuko wa koti ukiwa mwepesi kiasi hicho.

5

Ukumbi ulipasuka kwa kelele. Walikumbatiana, walilia, Mzee Rıfat akaomba aletewe chai kwa sauti ambayo haikufanana na mtu mwenye mapafu mabovu. Gülsüm alinishika mkono akauweka juu ya tumbo lake, na kilichokuwa mle ndani kilinipiga teke la nguvu. Nilimtafuta Döndü, sikumwona.

Nilimkuta langoni. Alikuwa na ndoo ya chokaa mbichi na mwiko, ameketi chini ya lile tundu nililoliunguza.

"Nilikwambia udanganye," alisema bila kunitazama.

"Uliniambia."

"Ungenisikiliza ningekuwa nafunga mizigo sasa." Akavuta kamasi, akajifuta kwa mkono wenye chokaa, ikabaki alama nyeupe shavuni. "Na kazi yako imekwenda. Asante, Shemsa. Sijui neno kubwa kuliko hilo, ningekuwa nalijua ningelisema."

"Neno hilo linatosha, Abla. Mimi nimekuwa nikikwambia hilo hilo kila asubuhi ninapovaa soksi, ila hukuwa unasikia."

Akacheka, machozi yakiwa bado yanatoka. Akanipa mwiko.

Sheria ya kazi yetu inamtaka msikilizaji kuziba tundu alilolitoboa, na kuliziba kwa ukimya. Mdomo unafungwa tangu chokaa inapogusa ukuta mpaka iote ngozi, ili usije ukaacha sauti yako ndani ya jengo ambalo si lako. Nimeziba matundu mia mbili hivyo, nimeuma ulimi, nikipumulia puani. Wakuu wangu walikuwa wakisema msikilizaji bora ni yule ambaye ukuta hautajua kamwe kwamba alipita.

Nilijaza lile tundu taratibu, nikalisawazisha. Chokaa ilikuwa nzuri, nzito, haikuwa na majivu. Nikamfikiria yule mzee na pumzi zake saba. Zaidi ya miaka mia mbili alikuwa amesubiri ndani ya ukuta ule, na siku alipopata sikio, lilikuwa sikio langu, na mimi kwa mshtuko nilichomoa sindano na kuanza kuhangaikia majivu. Sikumjibu.

Sikuwa na kibali tena. Nilisogeza mdomo mpaka ubaridi wa chokaa ukanigusa midomo.

"Vimetimia, baba," nikamwambia. "Mali, roho, wanyama na nguo. Mungu akurehemu na wewe uliyetufungulia."

Döndü alinitazama kwa mshangao, maana alijua sheria yetu. Kisha akapiga magoti kando yangu, akaweka kiganja ukutani, naye akasema vimetimia. Akamwita Gülsüm. Akamwita Rıfat na chai yake mkononi. Watu wa delta wakaanza kupanga mstari kutoka ukumbini mpaka langoni, na kila aliyefika aliinama kwenye chokaa mbichi na kumjibu yule mzee kwa sauti yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, mpaka chokaa ikashika.